Hesabu tunazozikosea kazi inapobadilika: uzi kwa wana Tanga na wengineo

Mwalimu wa Chaki aliandika:

Assalaam alaykum na habari za leo, wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na leo nimeona nifungue uzi juu ya jambo linalozungumzwa kila siku kwenye vijiwe vya kahawa hapa Ngamiani. Kazi inapobadilika, au maisha yanapogeuka, kwa nini mtu mwenye akili timamu, mchapakazi, tena anayeona kwa macho yake kwamba mambo hayako kama zamani, hubaki pale pale mpaka maji yamfike shingoni? Jibu la kijiweni ni kwamba mtu huyo ni mvivu au mkaidi. Jibu la wale wanaokodi kumbi na kuuza tiketi za semina ni kwamba hana mawazo chanya. Mimi nilifundisha Hisabati sekondari kwa miaka 31, na kwa maoni yangu majibu yote mawili hayagusi ugonjwa. Aghalabu mtu huyo amepiga hesabu, ila ameipiga nusu.

Nitatoa mfano wa mtu ninayemjua, kwa idhini yake, nami nitamwita Fundi tu. Ana banda lake katika mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba, na amekuwa akitengeneza baiskeli tangu mimi nikiwa mwalimu kijana. Wageni huenda wasijue, lakini mji wetu ni tambarare, na baiskeli zilikuwa ndiyo miguu yetu: muuza samaki, karani, mwanafunzi, mpeleka maziwa, wote walipita kwa Fundi kunyoosha rimu, kubadili gololi au kuziba tyubu. Bodaboda zilipoenea wateja walianza kupungua mmoja mmoja, kama maji yanavyokupwa. Ukiyatazama huyaoni yakienda, lakini ukigeuka kidogo na kurudi unakuta ngalawa imelala mchangani.

Kila tulipomwambia ajifunze pikipiki alikuwa na jibu moja, nalo halikuwa jibu la mvivu. Alisema, "Nikienda kumshikia mtu spana kwa miezi mitatu, siku yangu atanilipa nani?" Sisi tulicheka na kuagiza kahawa nyingine. Ilinichukua mwaka mzima kutambua kwamba alikuwa ameuliza swali la hesabu na hakuna aliyemjibu kwa hesabu, hata mimi niliyeishi kwa chaki.

Siku moja nilimwomba tukae na daftari. Wakati ule alikuwa akipata wastani wa shilingi 6,000 kwa siku. Kama angebaki bandani asubuhi na kwenda kujifunza alasiri, angepoteza nusu, yaani 3,000. Kwa siku 26 za kazi na miezi mitatu, jumla ni shilingi 234,000. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo kichwani, na ilikuwa sahihi. Kisha nikamuuliza miaka mitatu nyuma alikuwa akipata kiasi gani. Akasema 14,000 papo hapo, maana mtu hasahau neema. Tukachora mstari. Kutoka 14,000 hadi 6,000 ni kushuka kwa shilingi 8,000 ndani ya miaka mitatu, na kwa mwendo ule ule mstari ungegusa sifuri baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Nilimtahadharisha, kama nilivyozoea kuwatahadharisha wanafunzi, kwamba mstari ulionyooka ni makisio tu, na kwamba baiskeli hazitaisha zote Tanga. Hata hivyo alipoiona kalamu ikishuka ukurasani alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kumbe na kukaa nako kunalipiwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu. Gharama ya kuhama tunaiona kwa sababu inatozwa mara moja, mkononi. Gharama ya kukaa inatozwa kidogo kidogo, na hakuna anayetuandikia risiti. Wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha mwaka 1979 nadharia iliyoeleza sehemu ya jambo hili: katika maamuzi yetu, kupoteza kitu huwa na uzito wa takriban mara mbili ya kupata kitu cha thamani ile ile. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, kwa kazi ambayo sehemu kubwa waliifanya pamoja; Tversky alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo Fundi alipoziogopa zile 3,000 za alasiri hakuwa na kasoro ya tabia. Alikuwa binadamu, na mizani yake ililemea upande mmoja kama mizani zetu sote. Dawa yake haikuwa kumhamasisha. Ilikuwa kuleta mizani nyingine, nayo ni karatasi.

Tulipomaliza hesabu hiyo tulifanya nyingine ambayo naiona muhimu zaidi. Nilichora safu mbili. Ya kwanza niliandika "vitu ninavyotengeneza", ya pili "mambo ninayojua kufanya". Safu ya kwanza ilikuwa na neno moja, baiskeli. Ya pili ilijaa mpaka chini: kunyoosha rimu kwa jicho bila kifaa, kukaza spoki zikalingana, kusikia gololi iliyokufa kabla haijavunjika, kupunguza mnyororo, kuziba tyubu, kumwambia mteja ukweli kwamba kifaa chake bado kizima. Fundi aliisoma safu ile, akainua macho, akatazama bodaboda zilizoegeshwa ng'ambo ya barabara. Pikipiki nyingi za bodaboda zina rimu za spoki, zina mnyororo, zina tyubu, zina gololi. Mtu huyu alijihesabu kuwa yuko sifuri katika pikipiki, na kumbe alikuwa ameshafika robo ya safari akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Hakwenda kujifunza miezi mitatu kwa mkupuo. Alianza kwa wiki mbili, akiwatangazia madereva wa kijiwe cha jirani kwamba ananyoosha rimu za pikipiki tu, jambo ambalo mafundi wengi wa injini hawalipendi kwa sababu linakula muda. Mengine nitayaeleza kadiri mjadala utakavyokwenda. Ningependa kusikia wenzangu: ni hesabu gani mliyoikosea kazi au maisha yalipobadilika?

Kijana wa Makorora aliandika:

Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma mpaka mwisho, nami nakupinga kwa heshima. Hesabu hizo ni za mtu mwenye kitu cha kupoteza. Mimi ninaendesha bodaboda ya mkataba, na neno hesabu kwetu lina maana moja tu, ile fedha ya bosi kila jioni. Nisipoipeleka siku mbili tatu, chombo kinachukuliwa na miezi yote niliyokwisha kulipa inakwenda na maji. Unaponiambia nitenge alasiri nijifunze kitu kipya, alasiri hiyo si yangu. Wengine walijaribu kujinunulia nafasi kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, na sote tunajua ilivyokwisha. Naogopa mazungumzo haya ya mtazamo kwa sababu mwishowe maskini huambiwa kwamba umaskini wake uko kichwani.

Mtoto wa Korogwe aliandika:

Mimi sikukulia mjini, nilikulia kambini, kwenye shamba la mkonge ambalo sitalitaja jina. Baba yangu alifanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kukamua majani ya mkonge, kwa maisha yake yote, na ninachokumbuka zaidi ni sentensi iliyorudiwa kila bei ilipoanguka: "Nailoni ni ya muda, watarudi."

Anayetaka kuona gharama ya kukaa kwa kiwango cha nchi nzima autazame mkonge. Mbegu zake zililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, vipando 1,000, vikaokoka 62 tu, vikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutoka katika vipando hivyo 62 nchi ilifika kilele cha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1964, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani kama 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na sitaki kumtwika mtu mmoja mzigo wote; kamba za plastiki zilishusha bei duniani, na uendeshaji wa mashamba ulikuwa na mitikisiko yake. Lakini kuna jambo linaloniuma kila ninapoisoma safu ya pili ya Mwalimu. Singa ni asilimia chache tu ya jani la mkonge. Kilichobaki, yaani karibu jani zima, kilikuwa kikimwagwa nyuma ya korona mpaka kinanuka, nasi watoto tulikatazwa kucheza huko. Miaka mingi baadaye ndipo pale Hale kikajengwa kiwanda cha kuyageuza mabaki hayo kuwa biogesi na umeme, na siku hizi singa zinaonekana hata ndani ya dari za jipsamu. Jani lilikuwa lile lile tangu enzi za Hindorf. Kwa muda mrefu tulijiita watu wa kamba, tukangoja kamba zirudi.

Mwalimu wa Chaki aliandika:

Marahaba, Kijana wa Makorora. Pingamizi lako ni la haki na sitalikwepa.

Kwanza, upo ushahidi unaokuunga mkono. Mengi yanayosemwa kwenye semina juu ya mtazamo wa kukua yametokana na kazi ya mwanasaikolojia Carol Dweck wa Marekani, aliyetofautisha watu wanaoamini kwamba uwezo ni kitu cha kuzaliwa nacho kisichoongezeka na wale wanaoamini kwamba uwezo hukuzwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa kuhusu jambo hilo, uliohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani. Somo fupi la kuwaeleza kwamba akili hukua kwa mazoezi liliwasaidia wale waliokuwa nyuma kimasomo, lakini kwa sehemu ya kumi tu ya pointi katika wastani wao. Ni faida ya kweli, tena ya bei nafuu, ila ni ndogo, na ilionekana zaidi katika shule ambazo mazingira ya wanafunzi wenyewe yaliunga mkono juhudi. Kwa Kiswahili cha kijiweni, mbegu nzuri juu ya mwamba haioti. Yeyote anayekuuzia mtazamo kama mbadala wa mtaji amekudanganya.

Pili, hesabu niliyoieleza haikuanza na swali la "unataka kuwa nani". Ilianza na swali la "unaweza kupoteza kiasi gani bila kulala njaa". Kwa Fundi jibu lilikuwa shilingi 3,000 kwa siku, na hata hizo hakuzipoteza zote. Kwako wewe, kama ulivyoeleza, jibu linaweza kuwa sifuri kwa upande wa fedha na labda nusu saa kwa upande wa muda, ile unayokaa kijiweni ukingoja abiria mchana wa jua kali. Basi jaribio lako liwe la ukubwa wa nusu saa. Sisemi hivyo kwa kudharau hali yako. Mtu mwenye kamba fupi huteka kisima kifupi, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya anayekupa ndoo na kukuelekeza kisima kirefu. Mkopo wa kausha damu ni kamba ya kuazima, na mwenye kamba huivuta wakati wewe bado umo kisimani.

Kuna utafiti mwingine unaofaa hapa, na huwa unasimuliwa nusu. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliwafanyia majaribio mbwa waliopigwa shoti za umeme zisizoepukika, na baadaye, hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kukimbia, wengi hawakujaribu. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti wale wale walirudi na kusema kwamba walikuwa wameipindua hoja: kwa jinsi ubongo unavyofanya kazi, kulala chini mbele ya shida ndefu ndiyo hali ya asili, na kinachofunzwa ni kutambua kwamba kitendo chako kinaleta tofauti. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Fundi na rimu yake ya kwanza ya pikipiki. Aliniambia kwamba alipoirudisha kwa mwenyewe ikiwa imenyooka, fedha aliyolipwa haikumshangaza kama mkono wake mwenyewe.

Mtoto wa Korogwe, nakushukuru kwa habari ya mabaki. Nitaitumia bandani, na sitasahau kusema imetoka kwako.

Baharia Mstaafu aliandika:

Mimi nilikuwa mtu wa matishari. Vijana wa leo wanaona meli inafunga kamba gatini na kudhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari, nayo yakavutwa mpaka gatini yakashushwa tena. Kazi mbili kwa mzigo mmoja, na katika ile kazi ya pili sisi tulilea watoto. Mradi wa kuongeza kina ulianza mwaka 2019, na sasa kuna gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Bandari imenufaika na sina kinyongo. Lakini nakuuliza, Mwalimu, maana wewe unapenda ushahidi: samaki mkunje angali mbichi. Mtu wa miaka 58 atakunjwa vipi?

Mama Vitumbua wa Chuda aliandika:

Baharia, kaka yangu, mimi nina miaka 54 na nimekunjika, ila sikukunjwa na semina.

Tatizo langu lilikuwa dogo na la aibu. Kila mwaka mpya nilinunua daftari la kuandika mauzo na matumizi, na kila mwaka liliishia ukurasa wa tatu. Nilijua faida yake. Kwenye kikoba chetu tuliambiwa mara kumi kwamba asiyeandika anakula mtaji wake bila kujua. Kujua hakukunisaidia. Siku moja mkwe wangu aliniuliza, "Mama, unaandika saa ngapi?" nikakosa jibu, kwa sababu nilikuwa nimesema tu kwamba nitaandika. Tukapatana hivi: nikishamaliza kuosha chuma cha vitumbua, kabla sijakaa, naandika. Daftari nikalitundika kwa uzi kwenye msumari ule ule wa chuma. Kwa kuwa chuma lazima kioshwe, daftari nalo likawa la lazima. Ilichukua kama miezi mitatu mpaka mkono ukaanza kwenda wenyewe, na nilisahau siku nyingi katikati. Baada ya hapo ndipo nikagundua kwamba siku za Jumatatu nilikuwa nauza kwa hasara tangu bei ya mchele ilipopanda.

Mwalimu wa Chaki aliandika:

Mama Vitumbua, umeeleza kwa mistari michache jambo lililompatia Profesa Peter Gollwitzer wa Ujerumani sifa kubwa. Mwaka 1999 aliandika kwamba nia tupu ya "nitafanya" ina nguvu kidogo kuliko nia iliyofungwa kwenye tukio, yaani "ikitokea hili, basi nitafanya lile". Msumari wako ndio ile "ikitokea". Na hiyo miezi mitatu isikutie wasiwasi. Utasikia watu wakitangaza kwamba tabia hujengwa kwa siku 21; Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 na kuchapisha mwaka 2010 kwamba kwa wastani ilichukua siku 66, wengine 18, na wengine makadirio yalifika 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Laiti ningelijua hilo nilipokuwa darasani, kuna watoto nisingewakaripia.

Baharia, shikamoo, maana umenitangulia baharini hata kama sijui kama umenitangulia kuzaliwa. Methali yako ni ya kweli kwa samaki. Kwa binadamu kuna jambo la kuongeza. Ili mtu apewe leseni ya kuendesha teksi za asili za London, hana budi kukariri ramani ya mji yenye mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu hadi minne, na wengi wanaoianza ni watu wazima wenye familia. Eleanor Maguire aliwapiga picha za ubongo madereva hao, akaonyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Wabishi walisema labda walizaliwa hivyo. Basi yeye na Katherine Woollett wakawafuatilia wanafunzi 79 tangu mwanzo. 39 wakafaulu, na matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliofaulu ndio ambao sehemu hiyo ilikua, ilhali mwanzoni wote walikuwa sawa. Nakupa na upande wa pili, maana wewe ni mtu mzima: waliofaulu walifanya vibaya kidogo katika jaribio jingine la kumbukumbu. Hata ubongo unalipia. Lakini unakunjika.

Kwa uzoefu wangu, kizuizi cha umri kinakaa zaidi kwenye heshima kuliko kwenye ubongo. Nina dhambi yangu ya kuungama hapa. Miaka yangu ya mwisho kazini tulitakiwa kuingiza alama za wanafunzi kwenye kompyuta, nami nilikataa kwa maneno makubwa. Nilisema mwandiko wa mwalimu una baraka, nilisema umeme utakatika na alama zipotee, na siku umeme ulipokatika nilifurahi, Mungu anisamehe. Ukweli ni kwamba sikutaka mwalimu niliyemfundisha mwenyewe kidato cha pili aone vidole vyangu vikitafuta herufi. Nilistaafu nikiwa na kanuni zangu, na mwaka uliofuata nikamlipa kijana wa duka la vocha anifundishe kuandika humu ninamoandika sasa. Kukaa kwangu kulinigharimu miaka minne.

Fundi alilitatua hilo vizuri kuliko mimi. Alipotaka kuendelea kutoka rimu hadi injini, mwalimu wake alikuwa kijana wa miaka 23. Siku ya kwanza Fundi alimwita "Fundi" mbele ya wateja, kwa sauti, naye kijana akamwita "Baba" na kumpa kigoda akae. Baada ya hapo kushikiana spana hakukuwa na uzito tena, na kijana naye alijifunza kunyoosha rimu. Katika mji ambao salamu inaweza kuchukua robo saa, jambo la nani anaitwaje na nani si dogo. Anayetaka kujifunza akiwa mtu mzima ni bora alipange mapema kuliko kulinyamazia.

Kijana wa Makorora aliandika:

Nimekubali ile nusu saa, Mwalimu. Lakini niambie kitu kimoja: mbona mnasimulia waliofaulu tu? Jirani yangu aliacha uvuvi akafungua kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha. Alikuwa na bidii na alipiga hesabu. Kibanda kilikufa ndani ya mwaka.

Mwalimu wa Chaki aliandika:

Swali zuri, na nadhani ndilo linalotenganisha kufikiri na kujipa moyo.

Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia moja rahisi ambayo bandani kwetu tumeipa jina la matanga ya mpango. Kwa kawaida matanga huwekwa baada ya msiba. Watu wakaketi, wakaeleza marehemu aliumwa nini, na kila mmoja akakumbuka dalili aliyoiona na kuinyamazia. Klein anashauri tukae matanga kabla. Chukua mpango wako ukiwa bado mzima, waambie rafiki watatu wanne: "Mwaka umepita na mpango huu umekufa. Niambieni umekufa kwa nini." Tofauti na kuuliza "mnaonaje?" ni kubwa mno. Ukimwuliza mtu wa pwani anaonaje mpango wako, adabu itamfanya akutakie heri. Ukimwambia umeshakufa, adabu ile ile itamfanya aeleze chanzo cha kifo.

Tulipoweka matanga ya mpango wa Fundi, tulikuwa watano na birika moja la kahawa. Mmoja alisema umekufa kwa sababu madereva walitengenezewa kwa mkopo na hawakulipa. Mwingine alisema umekufa mwezi wa Ramadhani, abiria walipopungua mchana. Mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi lolote alisema umekufa kwa sababu Fundi aliwafukuza wateja wa baiskeli wakati wale wa pikipiki hawajamzoea. Hilo la tatu hakuna aliyelifikiria, na ndilo lililomfanya aweke siku maalumu: baiskeli asubuhi mpaka adhuhuri, pikipiki baada ya hapo. La mikopo lilitokea kweli, ila lilimkuta ana daftari na ana kikomo cha shilingi 10,000 kwa mtu. La Ramadhani halikutokea kabisa. Jioni baada ya futari kazi iliongezeka. Matanga hayatabiri. Yanakupa tu sikio la kusikia hodi mapema.

Kuhusu jirani yako, sijui alikosea wapi, na huenda hakukosea popote. Umeme ulifika kwa wengi, simu za kukaa na chaji zikaja, vocha zikahamia kwenye simu yenyewe; mtu anaweza kufikiri sawasawa na bado dunia ikampita. Nitakachokuomba ni kumwuliza swali moja tu, kama mna ukaribu: alipoona kibanda kinakufa, aliendelea kwa muda gani kwa sababu tu alikuwa ameshatia fedha? Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha mwaka 1985 kwamba watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu mzima wa tamthilia walihudhuria mara nyingi zaidi mwanzoni mwa msimu kuliko wale waliopewa punguzo, ingawa fedha ya wote ilikuwa imekwisha kuondoka na isingerudi. Fundi naye alikuwa na debe zima la pedeli na spoki za baiskeli alizonunua kwa jumla, na kwa miaka miwili debe lile ndilo lililokuwa likimwamulia. Siku alipoliuza kwa hasara kwa fundi wa Pongwe alisema amelala usingizi mzuri.

Leo pato lake limerudi kwenye 13,000 hivi kwa siku, halijafika 14,000 za enzi zile, na vitu vimepanda bei, kwa hiyo msije mkadhani nimewaletea hadithi ya utajiri. Nimeandika haya kwa sababu jana usiku amenipa kazi nyingine. Ameona pikipiki ya umeme imepita barabarani kwetu bila sauti, na leo asubuhi nimemkuta amefungua ukurasa mpya, amechora safu mbili, na kwenye safu ya kwanza ameandika "haina plagi, haina kabureta, haina oili". Safu ya pili ameiacha wazi akinisubiri. Swali lake ni moja, nami sina jibu: rimu zake zina spoki, au ni zile za kumiminwa? Mwenye chombo hicho atuwekee picha ya gurudumu la nyuma.